Mama Mkwe Wangu na Darubini ya Shangazi

Siku maboksi ya shangazi yalipopandishwa huku Old Moshi, mteremkoni mwa Kilimanjaro, bado naiona, mwanangu, kana kwamba gari lingali linanguruma pale kwenye kona iliyo chini ya kanisa. Ilikuwa pickup ya kukodi, imefunikwa turubai na kufungwa kamba, na majirani walitoka kwenye migomba ya vihamba vyao mmoja mmoja kuja kuona bibi harusi wa kwa Mama Elia ameletewa nini. Walikuwa wamesikia kwamba shangazi yangu Anasia, dada yake baba, alifanya kazi ya uuguzi Ujerumani miaka mingi, kwamba alikuwa amefariki, na kwamba katika vitu vyake kulikuwa na kimoja alichoagiza nipewe mimi. Wengine walitegemea friji. Wengine walisema itakuwa cherehani ya umeme. Wanaume wakashusha boksi refu, wakalifungua kwa uangalifu, na ndani yake, katikati ya magazeti ya Kijerumani, wakakuta bomba jeupe lenye kioo mbele na kioo nyuma.

Mama Elia, mama mkwe wangu, alilizunguka boksi lile mara moja, mikono nyuma. Kisha akaniuliza, "Hiki kinapika au kinashona?"

Nikamwambia hakipiki wala hakishoni. Ni darubini, ya kuangalia nyota.

"Macho ninayo," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Watu walicheka, na leo nami nikikumbuka nacheka mpaka mbavu zinaniuma. Siku ile sikucheka. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani kama mtu aliyefumaniwa na kosa asilolijua.

Niwie radhi nirudi nyuma kidogo ili unielewe. Mimi nilikuwa binti wa Kiboriloni, kule chini pembeni ya Moshi mjini. Wazazi wangu waliuza vitambaa pale sokoni, na nimekulia kwenye makelele ya watu wanaopatana bei, redio za majirani na mabasi yanayoita abiria. Nilipoolewa na Elia nikapandishwa juu, karibu na msitu, ambako asubuhi unasikia maji ya mfereji na jani la mgomba likigusa bati, basi. Elia alikuwa anaongoza watalii mlimani. Akiondoka na wageni haonekani kwa siku nyingi, akirudi analala kama gogo, halafu anaitwa tena. Kwa hiyo aliyekuwa mwenzangu hasa ni mama yake.

Mama Elia hakunitukana hata siku moja, wala hakuninyima kitu. Shida ni kwamba hakusema. Nikikata majani ya ng'ombe, anayapokea, anayakata upya, madogo zaidi. Nikipika mtori wa ndizi, anauonja, anaongeza maji, anaketi. Jioni tulikaa pande mbili za meko kama abiria wawili wanaongoja magari tofauti. Wewe kijana wa leo utasema ningemwuliza tatizo ni nini. Ndiyo, lakini ningeanzia wapi? Mtu anayekugombeza unamjibu. Mtu anayenyamaza unajijibu mwenyewe, tena unajijibu vibaya.

Basi wakati maboksi yanafika nilikuwa nimekwisha kumwambia Elia kwamba nataka kushuka, nikapange chumba Kiboriloni, yeye awe ananikuta huko. Alihuzunika, lakini hakubisha. Aliniomba jambo moja tu, nisubiri kipaimara cha mtoto wa kaka yake kipite, kwa kuwa sherehe ingefanyika kwetu na mama yake angehitaji msaada. Nikakubali. Kwa hiyo nilikuwa naishi katika nyumba ile kama mgeni anayejua tarehe yake ya kuondoka.

Sasa kuhusu shangazi. Kila alipokuja likizo alikuwa na picha moja kwenye pochi yake, picha ya nyota tupu, nyingi kama mtama uliomwagwa kwenye kitambaa cheusi. Aliipiga mwenyewe nyuma ya nyumba yake huko Ujerumani, amevaa makoti mawili. Watoto wengine waliitazama, wakairudisha, wakaomba peremende. Mimi nilimwuliza alifanyaje. Nadhani ni kwa swali lile tu nikawa mtu wake. Aliporudi nyumbani kwa kudumu alikuwa mgonjwa tayari, na vifaa vyake vikabaki vimefungwa. Siku zake za mwisho alinielekeza kila kipande kinapokaa, kwa mdomo, akiwa kitandani, akichora hewani kwa kidole. Alisema anasikitika hakuwahi kupiga picha hata moja ya anga la nyumbani. Hiyo picha, mwanangu, ndiyo niliyoitaka. Nilitaka kuipata kabla sijashuka, kwa sababu Kiboriloni kuna taa kila upande, na nyota unazoziona ni za kuhesabika.

Niliifunga darubini uani. Stendi ya miguu mitatu, juu yake shingo nzito ya chuma, juu ya shingo lile bomba jeupe, na mgongoni kwa bomba kamera ya filamu ya shangazi, iliyokuja katika maboksi yaleyale. Ilipendeza kweli. Na kila jioni nilikaa kando yake kwenye kigoda, nimejifunika kanga, na kila jioni wingu lilishuka kutoka msituni likaficha migomba, likaficha paa la zizi, likanificha na mimi.

Ikapita wiki na zaidi hivyo. Jioni moja Mama Elia akaja na kibatari, akasimama.

"Unamngoja nani?"

Nikasema nangoja nyota zitoke.

"Uko hapa tangu mavuno ya kahawa," akasema, "hujaona kwamba mlima huu hufunga jioni na kufungua alfajiri? Kila kitu unakitaka kwa saa za Kiboriloni."

Akaondoka na kibatari chake. Maneno yale yalinichoma, kwa sababu nilijua hayakuhusu nyota peke yake. Lakini yalikuwa ya kweli, na nikiyapima leo naona yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mkupuo mmoja.

Alfajiri iliyofuata nikasikia dirisha linagongwa. Alikuwa amesimama nje na ndoo ya maziwa, bado hajakamua.

"Amka," akasema. "Wamekuja."

Nilitoka nikiwa na kanga na sweta la Elia. Mwanangu, sijui nikuambieje. Hapakuwa na wingu hata la kufutia kidole. Nyuma yetu kilele cha Kibo kilikuwa cheupe, karibu kama mtu anayekuchungulia begani, na mbele yetu, upande wa kusini, anga lilishuka mpaka tambarare likiwa limejaa. Mwezi ulikuwa mwembamba, wa mwisho wa mwezi, umetoka muda si mrefu juu ya migomba mashariki, upande wa Marangu. Nikaelekeza darubini kwenye mwezi, kitu ambacho hata mtu asiyejua lolote anaweza kukipata, nikatazama. Kisha nikamkaribisha mama mkwe.

Aliweka ndoo chini. Akainama, akafumba jicho moja kwa mkono kama mtoto.  Akaondoa jicho, akautazama mwezi juu ya migomba kwa macho yake mwenyewe kuhakikisha bado uko pale, akarudi kuchungulia tena.

"Kumbe una makovu hivi," akasema. Halafu akacheka. Kicheko chenyewe kilianza kidogo tumboni kikapanda hadi mabegani, na nikajua pale pale Elia amekipata kwa nani kicheko chake.

Tangu siku ile akawa ananigongea kila anga likiwa wazi. Aliamka kwa ajili ya ng'ombe, lakini sasa ng'ombe walipata mpinzani. Tuliona sayari yenye vitoto vinne vilivyopangana kando yake, akaniuliza kesho yake kama vitoto vimelala palepale, na tulipoona vimehama alifurahi kama mtu aliyepewa habari za ukoo. Hatukuwa tunazungumza sana. Lakini kimya cha watu wawili wanaopokezana kuchungulia si kimya kile cha mekoni.

Sasa nikaanza kupiga picha. Nikueleze kidogo, maana bila hili hutaonja utamu wa kilichokuja. Nyota zinatembea. Sisi ndio tunaozunguka, lakini kwa macho zinatoka mashariki kwenda magharibi, polepole. Ukitaka kamera ikusanye mwanga wake hafifu, lazima uiache wazi kwa muda mrefu, na muda wote huo iwe inatembea pamoja nazo. Ndiyo maana ile shingo ya chuma ina kirungu kidogo. Unachungulia kwenye darubini, unaiweka nyota moja kwenye makutano ya nyuzi mbili zilizo ndani ya kioo, halafu unazungusha kirungu kwa vidole ili nyota isitoke pale. Kamera iliyofungwa mgongoni inabebwa bure.

Nilifanya hivyo asubuhi kadhaa mpaka filamu ikaisha. Nikashuka mjini kwa mzee aliyekuwa na studio, Mzee Kanti. Alikuwa Mhindi wa Moshi, babu yake alizaliwa Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa sokoni kwetu. Nikampa shikamoo, nikamwambia filamu ina nini. Hakunicheka. Aliingia ndani kusafisha picha, na alipotoka alizipanga mezani.

Kila nyota ilikuwa mstari. Tena mstari uliopinda, kama nywele zilizoanguka saluni.

Mzee Kanti alizitazama kwa kioo chake cha kukuzia. Akaniambia kamera ni nzima, filamu ni nzima, na mkono wangu haukutetemeka, maana mistari ni laini. Kuna kitu kinaelekea pasipo pake, akasema, na siku nikikijua nirudi. Alinishikisha bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake pole.

Nilipanda nyumbani nimekata tamaa kabisa. Niliweka picha mezani, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Mama Elia akazichukua, akazitazama moja moja mlangoni penye mwanga, akaniita. Alitaka kujua kwa nini nyota zinakimbia.

Nikamweleza kama shangazi alivyonieleza. Nyota zote zinazunguka mahali pamoja angani, kama ng'ombe anavyozunguka kigingi alichofungwa. Shingo ya darubini lazima ielekee kwenye kigingi hicho. Ujerumani kigingi chao ni cha kaskazini, nacho kiko juu angani, na shingo hii imetengenezwa kuelekea juu. Kwetu huku kile cha kaskazini hakionekani kabisa, na hata kingeonekana mlima ungekiziba. Sisi tuna cha pili, cha kusini, nacho kiko chini sana, karibu kugusa tambarare. Nilikuwa nimeishusha shingo mpaka skrubu ikagoma, nikadhani tofauti iliyobaki ni ndogo. Kumbe si ndogo.

Mama Elia alisikiliza mpaka mwisho. Akageuza kichwa kuitazama darubini iliyosimama uani.

"Basi hii nayo ni bibi harusi," akasema. "Imefika juzi, bado inafanya mambo kama kwao, na sisi tunaikasirikia."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye benchi, picha zikiwa mapajani, akaanza kunisimulia jambo ambalo hata Elia hakuwahi kulisikia. Yeye hakuzaliwa Old Moshi, hilo lilijulikana. Alitoka Mkuu, kule Rombo, upande mwingine wa mlima, akaletwa hapa akiwa msichana. Kichagga cha Rombo si cha huku, na kila alipofungua mdomo wifi zake walimwiga na kuangua vicheko. Akiomba chumvi wanacheka. Akiita mbuzi wanacheka. Kwa hiyo akaamua kunyamaza.

"Nilinyamaza ili wasinicheke," akasema, "mpaka kunyamaza kukawa ndiyo mimi. Usifikiri sikupendi, mwanangu. Nilisahau tu jinsi inavyoanzwa."

 Nilikaa karibu naye kwenye lile benchi mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakitaka majani. Tukaenda kuyakata pamoja, na akanionyesha kwa nini anayakata madogo. Ng'ombe wake mkubwa alikuwa amezeeka, meno yamekwisha. Miezi yote ile nilidhani ananisahihisha mimi.

Kisha kikaja kipaimara. Siku moja kabla ya sherehe uani kwetu pakajaa turubai, mabenchi ya kanisa, masufuria makubwa na mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na hapakubaki mahali tambarare pa kuweka hata ungo. Nami nilikuwa na filamu mpya ndani ya kamera. Mama Elia akasema anga la kesho ni zuri, tusilipoteze kwa sababu ya mabenchi. Tukaibeba darubini wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukashuka nayo chini ya nyumba, kwenye ule mteremko wa majani ya ng'ombe unaotazama Moshi mjini. Mteremko wenyewe ni mkali, hata mbuzi anasimama kwa hesabu. Stendi ikawa inataka kuanguka. Mama Elia akaleta jembe, akachimba vishimo vitatu vya miguu, akaishindilia kwa mawe kama anayepanda nguzo ya zizi. Ikasimama imara, lakini imeinama yote kuelekea kusini, kama mtu anayechungulia kisimani.

Nilianza kulalamika kwamba imekaa upande. Nikainama niirekebishe. Na pale nilipoinama, jicho langu likafuata ile shingo ya chuma kuona inaelekea wapi.

Ilikuwa inaelekea chini. Chini kabisa, juu kidogo ya tambarare, pale pale shangazi alipokuwa akiniambia kwa kidole chake kitandani. Skrubu haikuwa imeongezwa wala kupunguzwa. Kile kipande ambacho Wajerumani hawakukiweka, mteremko wa Kilimanjaro ulikuwa umekiweka. Mwanangu, nilipiga kelele mpaka wapishi wa mbege wakatoka na miiko kuuliza nani amegongwa na nyoka.

Asubuhi ya sherehe tulitoka mapema kuliko siku zote. Msalaba wa Kusini, zile nyota nne, ulikuwa umesimama wima mbele yetu, na kulia na kushoto kwake ule mkanda mzito wa nyota ndogondogo umekatiza anga lote. Tatizo likawa kwamba umande ulikuwa mzito kuliko siku nilizopiga peke yangu, na kazi ikawa ya watu wawili. Mmoja ashike waya wa kufungulia kamera na kulinda kioo kisipate umande, mwingine abaki kwenye kirungu bila kuondoa jicho. Kabla sijasema, Mama Elia alikwisha kuinama kwenye darubini. Nikamwelekeza nyota ya kushika. Akaniambia nifungue.

Nikafungua. Akaanza kuzungusha, vidole vilevile vya kukamulia, na ili asiharakishe akawa anaimba puani wimbo mmoja wa kwaya, wa taratibu, ule unaoimbwa watu wakienda kutoa sadaka. Ubeti ukaisha akaanza tena. Zizini ng'ombe akalia. Akalia tena, kwa kuwa saa yake ya kukamuliwa ilikuwa imefika, na ng'ombe yule hajawahi kucheleweshwa tangu azaliwe. Nikamnong'oneza kwamba naweza kufunga kamera tukaishia hapo.

"Atangoja," akasema, bila kuinua kichwa.

Ng'ombe akangoja. Nilisimama pale na waya mkononi, baridi ikipanda miguuni, na nikajua nina furaha, furaha ya wakati huohuo, si ile mtu anayoigundua baadaye. Tulipiga picha chache tu, ndefu zote, mpaka weupe wa alfajiri ukaanza kupanda upande wa Marangu. Kisha tukaenda kukamua, na mchana tukala kipaimara, na tulicheza ngoma wote wawili tukiwa tunasinzia.

Nilipokwenda kwa Mzee Kanti safari ile Mama Elia alikataa kubaki. Alivaa kitenge chake cha Pasaka. Mzee Kanti aliingia ndani na filamu, na alipokuwa huko tukamsikia anamwita mkewe kwa Kigujarati, kisha binti zake, na wote wakatoka pamoja naye, yeye akiwa na picha bado mbichi, ameishika pembeni kwa ncha za vidole. Nyota zilikuwa nukta. Kila moja nukta, kali kama imetobolewa kwa sindano. Msalaba wa Kusini katikati, ubavuni mwake lile doa jeusi lisilo na nyota, na pembeni kidogo wingu jekundu ambalo hatukuwa tumeliona kwa macho yetu.

Mzee Kanti akauliza nani ameipiga. Nikamwonyesha mama mkwe wangu. Mama mkwe wangu akanionyesha mimi. Na njiani kurudi, mwanamke yule ambaye kwa miaka alipanda gari akashuka bila watu kusikia sauti yake, aliitoa picha kwenye bahasha na kuwaonyesha abiria wote, mpaka dereva akaomba aletewe naye aone. Alikuwa anawaeleza kwa Kichagga cha Rombo, na hakuna aliyecheka.

Elia alishuka mlimani baada ya Mwaka Mpya. Alikaa mekoni, akanywa chai, akazunguka zunguka maneno, mwisho akaniuliza kama bado nina mpango wa kuhamia Kiboriloni, maana kipaimara kimepita. Kwa kweli nilikuwa nimesahau. Kabla sijajibu mama yake akadakia.

"Aende wapi," akasema, "na nyota zake ziko huku?"

Ndivyo nilivyobaki, na nimebaki mpaka leo. Mama Elia alitangulia miaka mingi baadaye, akiwa mzee sana, na siku ya maziko yake mtu mmoja wa Rombo alisema hajawahi kujua marehemu alikuwa mnyamavu. Nilifurahi kusikia hivyo pale kaburini, nikaona aibu kufurahi, kisha nikafurahi tena.

Sasa wewe, mwanangu, uliyeachiwa darubini na mtu uliyempenda na unaniuliza pa kuanzia, nikuambie ninalolijua. Siku hizi mna kamera zisizohitaji filamu, mna simu zinazokuonyesha nyota ipi iko wapi, na stendi zenye mota zinazojizungusha zenyewe. Vitumie, wala usisikilize mzee anayekuambia zamani ilikuwa bora. Lakini usianze na picha. Anza na jicho. Litazame anga la mahali ulipo mpaka uzoee linafunguka saa ngapi na linafunga saa ngapi, na waulize wanaoishi hapo, hasa wale ambao hukuwahi kudhani kwamba wanaangalia juu. Anza na mwezi, maana mwezi humsamehe anayejifunza. Usikifute kioo kwa kitambaa ulichokikuta jikoni. Na kabla ya kununua kitu chochote kipya, hakikisha miguu ya darubini yako imesimama imara, kwa kuwa hakuna kioo kizuri juu ya miguu inayoyumba.

Na hili ndilo kubwa. Ulichorithi kilitengenezwa kwa mahali pengine na kutumiwa na mtu mwingine. Usikikasirikie kikikataa kufanya kazi siku ya kwanza, wala usijikasirikie wewe. Kipe muda kijue nyumba. Kipeleke huku na kule katika ardhi yako mpaka kipate pa kukaa. Mtu mgeni aliyeletwa nyumbani kwenu mfanyie hivyohivyo, na ukiwa mgeni ni wewe, usihesabu kimya cha mwenyeji kuwa chuki kabla hujakaa naye kwenye benchi. Tafuta mtu wa kusimama naye kwenye baridi. Kazi hii mtu anaweza kuifanya peke yake siku hizi, najua, lakini utamu wake ni pale unapoondoa jicho kwenye kioo na kusema, njoo uone.

Mungu akupe alfajiri safi na mikono isiyotetemeka. Akupe macho yatakayodumu, na watu watakaoamka kwa furaha ukigonga madirisha yao. Nenda, mwanangu, na anga likufungukie.